Tope, Vumbi na Joto: Sensa za Gari Njia ya Bwesumbu

Gari linaloshuka kutoka Bwesumbu kwenda mjini Kasese, nchini Uganda, hupita katika hali mbili za hewa katika safari moja. Juu, kwenye miteremko ya Rwenzori yenye migomba na kahawa ya arabika, kuna ubaridi na mvua ya mara kwa mara. Chini, kwenye uwanda wa Bonde la Ufa, jua ni kali na vumbi hutimka. Tope lililorukia bampa asubuhi linakuwa limekauka na kushika ifikapo mchana.

Kwa gari la zamani hayo yalikuwa mambo ya rangi na breki tu. Sasa sivyo. Tangu 2018 Uganda imezuia, kwa kawaida, kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, kwa hiyo mtumba unaofika Kasese na Bwera unazidi kuwa wa kisasa. Toyota ilianza mwaka 2015 kuuza Japani magari yenye mfumo wa Toyota Safety Sense, unaotazama barabara kwa sensa, yaani vihisi: kamera pamoja na leza au rada. Magari ya miaka hiyo sasa ni mtumba. Yalibuniwa kwa ajili ya lami, nayo yatapandishwa milimani.

Kila sensa ina adui wake. Rada nyingi za magari hutumia mawimbi ya masafa ya gigahezi 77, yenye urefu wa karibu milimita 4. Vumbi kavu lenye chembe ndogo kuliko hapo halizuii sana mawimbi hayo. Vumbi hilohilo likilowa ni habari nyingine, maana maji huyameza na kuyarudisha mawimbi kabla hayajafika mbali. Kamera haina bahati hiyo: vumbi na tope vyote huipofusha. Kwa upande wa rada, ndiyo maana dereva anaweza kuona mfumo unafanya kazi bila shida msimu wa kiangazi, kisha mvua ya kwanza ikawasha onyo kwenye dashibodi, naye akadhani kifaa kimekufa.

Sensa inayonivutia zaidi haionekani kwa nje. Imekaa kwenye bomba la hewa, baada ya chujio, na kazi yake ni kupima hewa inayoingia kwenye injini. Ndani yake kuna waya mwembamba au utando unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inapopita huupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio unaoiambia kompyuta ya gari hewa ni kiasi gani. Mlimani kipimo hicho kina uzito wa pekee, kwa sababu kwenye mwinuko wa mita 2,000 mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 tu ya ule wa pwani. Chujio likichanika, vumbi hujipaka kwenye waya na kuufunika. Waya haupoi inavyopaswa, kompyuta inaamini hewa ni kidogo, inapunguza mafuta, na gari linakosa nguvu mlimani. Kampuni ya Bosch walilijua tatizo hili tangu miaka ya 1980. Katika mfumo wao wa kupulizia mafuta kwenye injini, LH-Jetronic, injini ikizimwa, waya wa platinamu ulipashwa hadi nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi kwa sekunde moja ili uchafu uungue. Kwao joto lilikuwa ndilo sabuni.

Lakini kwa kompresa inayosafishia sensa, joto ni hatari. Magari yanayojiendesha ya kampuni ya Waymo yana waipa ndogo za kufuta sensa zake, na watengenezaji wengine hupuliza hewa iliyoshindiliwa au kurusha maji. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na fundi mwenye kompresa na mpira wa maji. Fizikia ni ileile. Hewa ya nyuzi 30 ikishindiliwa hadi mgandamizo wake uwe mara nane bila kupewa nafasi ya kupoa, kwa hesabu inafika zaidi ya nyuzi 270. Anayejaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono huuhisi moto huo viganjani. Mlimani kompresa ina mzigo mkubwa zaidi: ili kufikia kiwango kilekile kwenye geji, lazima iishindilie hewa hafifu mara nyingi zaidi, huku upepo wa kuipoza nao ukiwa hafifu. Ubaridi wa Bwesumbu husaidia. Mchana wa Kasese hausaidii.

Mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda ya kompresa yapo ili kumwaga joto hilo. Yakijaa vumbi lililochanganyika na oili, joto hubaki ndani, oili huungua, na mvuke wake hupulizwa pamoja na hewa. Fundi anadhani anasafisha sensa, kumbe anaipaka mafuta yatakayoshika vumbi la kesho. Kwa hiyo naamini usafi wa sensa uanzie kwenye kompresa yenyewe: mapezi yapigwe brashi, chujio lake la hewa likung'utwe, iwekwe kivulini penye upepo, na ipumzishwe kati ya gari na gari.

Kwenye lenzi ya kamera iliyo nje ya gari, maji kwanza, kitambaa laini baadaye. Mchanga una chembe za madini ya kwazi (quartz) zilizo ngumu kuliko plastiki, na kitambaa kikavu huzikokota na kuacha mikwaruzo isiyotoka. Waya wa kupimia hewa usiguswe kabisa, si kwa brashi wala kwa upepo wa kompresa. Unapuliziwa dawa yake maalumu na kuachwa ukauke.

Kuna jambo jingine ambalo kompresa iliyopoa vizuri huleta. Hewa ya moto ikipoa ndani ya tangi, unyevu wake hugeuka maji na kutuama chini, na kwenye hewa yenye unyevu kama ya Rwenzori maji hayo si haba. Yasipotolewa, mpulizo utayarusha, pamoja na kutu ya tangi, moja kwa moja juu ya kamera. Koki ya kuyatolea iko chini ya tangi; ifunguliwe asubuhi, kabla ya gari la kwanza.