Ugonjwa wa Kawasaki: Steroidi humsaidia mtoto yupi?

Na Mwandishi Wetu

MZAZI wa kata ya Bagamoyo mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, anapoona homa ya mtoto wake haishuki kwa siku tano, hufikiria malaria, surua au homa ya matumbo. Ni nadra kufikiria ugonjwa wa Kawasaki, ambao huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano na huweza kuharibu mishipa inayoulisha moyo damu.

Ugonjwa huo umepewa jina la daktari wa watoto wa Japani, Tomisaku Kawasaki, aliyemwona mgonjwa wa kwanza mwaka 1961 na kuchapisha taarifa za watoto 50 mwaka 1967. Chanzo chake hakijajulikana hadi leo.

Dalili zake ni homa kali, macho mekundu yasiyo na usaha, midomo kupasuka, ulimi kuwa mwekundu, vipele, tezi za shingo kuvimba, na mikono na miguu kuvimba kisha ngozi ya vidole kubanduka. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, vipele huweza kuwa vigumu kuonekana.

Asipotibiwa, takriban mtoto mmoja kati ya wanne hupata madhara katika mishipa hiyo. Tiba kuu ni imunoglobulini, yaani protini za kinga zitokanazo na damu ya wachangiaji, pamoja na aspirini kwa usimamizi wa daktari. Ikitolewa ndani ya siku kumi za mwanzo, hatari hupungua hadi takriban asilimia tano. Hata hivyo, baadhi ya watoto homa yao haikomi, na hapo ndipo steroidi zilipoanza kujaribiwa.

Majibu ya majaribio yamepishana. Mwaka 1979, utafiti wa Japani ulionyesha kuwa watoto 11 kati ya 17 waliopewa prednisoloni peke yake walipata uvimbe wa mishipa ya moyo, na madaktari wengi wakaiogopa dawa hiyo.

Mwaka 2007, utafiti wa watoto 199 huko Amerika ya Kaskazini ulibaini kuwa dozi moja ya steroidi, ikiongezwa kwenye tiba ya kawaida, haikuleta nafuu ya maana.

Lakini mwaka 2012, Wajapani walitoa matokeo ya watoto 248 walioteuliwa kwa kuwa katika hatari kubwa. Waliopewa imunoglobulini pamoja na prednisoloni kwa zaidi ya wiki mbili, asilimia 3 walipata kasoro za mishipa, ikilinganishwa na asilimia 23 ya waliopewa imunoglobulini bila steroidi.

Tofauti hiyo ina maelezo: dozi, muda na aina ya wagonjwa havikulingana. Aidha, vigezo vya Japani vya kuwatambua walio katika hatari havikufanya kazi vizuri kwa watoto wa Amerika ya Kaskazini, hivyo haviwezi kuchukuliwa vilevile hadi Rungwe.

Prednisoloni ni dawa ya bei nafuu, wakati imunoglobulini ni ghali, ingawa imo katika orodha ya dawa muhimu kwa watoto ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Unafuu huo usimshawishi mzazi kununua steroidi dukani, kwani huweza kuficha maambukizi kama kifua kikuu.

Mtoto mwenye homa ya siku tano na dalili hizo apelekwe hospitali mapema, ili moyo wake upimwe kabla mishipa haijaharibika.