Visahani vya Angani Ndani ya Banda Umiza

Katika miji ya wachimba dhahabu kama Segese, wilayani Msalala, filamu za kigeni zimepata watazamaji wengi kwenye mabanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video. Mtu anatoka machimboni, analipa kiingilio kidogo, anabanana na wenzake kwenye benchi.

Filamu ya visahani vya angani inafaa sana humo. Katika *Independence Day* ya mwaka 1996, chombo kikubwa cha mviringo kinafunika jiji zima, kisha mwali mmoja unailipua Ikulu ya Marekani. Hapo hata asiyejua Kiingereza ameelewa.

Mazungumzo ndiyo kazi ya DJ. Sauti ya filamu inashushwa, naye anaingiza yake: anatafsiri, anaeleza kisa, anaongeza chumvi pale mapigano yanapopoa. Derek Mukandala, maarufu Lufufu, ni miongoni mwa waanzilishi wa kazi hiyo Tanzania, na anastahili heshima ya msanii kamili.

Na si kila kisahani hutua Marekani. Katika *District 9* (2009) ya Neill Blomkamp, chombo kinakwama juu ya Johannesburg; wageni wake wanafungiwa kambini, kisha wanahamishwa kwa nguvu.