Samaki ya Ziwa Letu Inayobadilisha Ubongo Wake

Siku moja mdogo wangu aliniita kwenye kidimbwi chake pembeni ya Kalemie. Akanionyesha madume fulani, rangi imefifia, yanajificha kwenye kona. « Yaya, tuyatupe? » Mi na lisanse yangu ya agronomia nikajibu haraka: tupa, hayo ni tasa. Akatupa. Kiisha nikasoma, nikaona nilikosea.

Kuna samaki ndogo ya Ziwa Tanganyika inaitwa Astatotilapia burtoni. Jina hilo linamkumbusha Richard Burton, Mwingereza aliyefika kwetu mwaka 1858. Ni ndugu ya tilapia. Madume machache tu njo yenye eneo: yanang'aa, yanapigana, yanazalisha. Mengine yanafifia kama majike na kungoja.

Russell Fernald, aliyefundisha Stanford kule Marekani, alichunguza samaki hii miaka mingi. Ndani ya ubongo kuna seli chache zinazotoa homoni GnRH, ile inayoamuru uzazi. Kwa dume lenye eneo, seli hizo zina ukubwa mara 8 hivi kuliko za dume linalongoja. Usiku, batafiti wakatoa dume kubwa. Taa ilipowaka, dume dogo likaona kiti kiko wazi: ndani ya dakika chache likavaa rangi, na ndani ya dakika 20 jeni moja katika sehemu ya ubongo yenye seli zile ilikuwa imeamka. Likinyang'anywa eneo, seli zinarudi kuwa ndogo.

Sasa, seli inatoaje homoni? Hapa njo kazi ya kalsiamu. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi kama mara 10,000 kuliko ndani. Seli inailinda tofauti hiyo kwa kusukuma kalsiamu nje kila wakati, kama mtu anayetoa maji katika mtumbwi. Ishara ya umeme ikifika, milango midogo inafunguka, kalsiamu inaingia kwa nguvu. Vifuko vya GnRH vinagusana na ukuta wa seli, vinapasuka nje, homoni inamwagika. Tezi pituitari inaipokea, inatuma homoni zake kwa damu, na korodani zinaanza kutengeneza mbegu. Kiisha kalsiamu inasukumwa nje tena, seli iko tayari kwa ishara ingine. Sisi batu pia tuna GnRH. Schally na Guillemin walioifumbua walipata Nobel mwaka 1977.

Kwa hiyo dume lililofifia si lazima liwe tasa. Pengine halina nafasi tu. Wewe mwenye kidimbwi, kabla ya kulitupa, litenge peke yake na majike machache, ulipe siku kadhaa, uangalie rangi.

Najua wengi wetu hapa tunangoja kazi tangu tupate diplome. Mtu si samaki, sitasema zaidi. Lakini mdogo wangu aliponiuliza juzi kuhusu dume lingine, nilimwambia: tulipatie kwanza eneo.