Riwaya Yaweza Kumfungua Kijana Kinywa

Kijana wa Ramisi anayesononeka akithubutu kusema, huenda akaambiwa ana wazimu. Neno hilo, lenye shina moja na mzimu, humtangulizia hukumu kabla hajasikilizwa, basi hunyamaza. Hapa ndipo sanaa inapofaa.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichwamaji, riwaya ya Kazimoto, msomi kijana aliyesongwa na fikra hata akajiua. Mwalimu asimwulize mwanafunzi mbele ya wenzake, "Una nini?" Aliulize darasa zima, "Kazimoto alikosa nini, na nani angemfaa?" Katika kumsema Kazimoto, aliyeelemewa aweza kujisema pasi na aibu. Mwalimu na atege sikio, kisha amfikishe hospitalini Msambweni. Riwaya haitibu, hufungua kinywa, na tiba huanzia hapo.