Makovu Yaliyofukiwa Mwezini

Utazame mwezi mpevu kwa darubini, hata ndogo. Kwenye yale mabaka meusi, ambayo wanajimu wa kale waliyaita bahari, kasoko ni chache. Kwenye maeneo meupe zimesongamana, nyingine zimechimbwa juu ya nyingine. Oktoba 1959, chombo cha Kisovieti Luna 3 kilipopiga picha za kwanza za upande tusiouona, tofauti ilizidi kushangaza: mabaka yamefunika karibu theluthi ya upande unaotuelekea, lakini huko nyuma ni haba mno.

Wengi hudhani Dunia yetu imekuwa ngao. Sivyo. Kwa aliyesimama mwezini, Dunia huchukua nyuzi 2 hivi tu za anga, na vimondo vina njia tele za kupita kando yake.

Ukweli ni kwamba upande wetu nao ulipigwa vikali, ila makovu yake yakafukiwa. Asteroidi kubwa zilichimba mabonde mapana, kisha lava ikapanda kupitia nyufa, ikayajaza na kuzimeza kasoko za kale. Mawe ambayo Apollo 11 ilileta mwaka 1969 kutoka Bahari ya Utulivu ni basalti ya zaidi ya miaka bilioni 3.5. Kasoko tunazoziona humo zilichimbwa baada ya lava hiyo kuganda.

Mbona lava ilimwagika zaidi upande huu? Mwaka 2012 vyombo pacha vya GRAIL vilipima mvuto wa mwezi, na vipimo vikaonyesha kuwa ganda la upande wetu ni jembamba zaidi. Tena hapa ndipo palipojikusanya urani na thori, elementi zinazozalisha joto. Chanzo cha mgawanyo huo bado kinabishaniwa, na kwangu hilo ndilo fumbo kubwa kuliko kasoko zenyewe.

Ipo pia tofauti ndogo ya mapigo yenyewe. Mwezi huizunguka Dunia ukitanguliza upande uleule, na upande huo hupigwa zaidi, kama kioo cha mbele cha basi linalokimbia mvuani.

Hivyo uchache wa kasoko ni dalili ya uso mchanga. Kwa kuzihesabu, wanasayansi hukadiria umri wa nyuso za Mirihi na Utaridi, ambako hakuna chombo kilichowahi kurudi na jiwe.