Kutwa Mara Tatu

Mkazi wa mtaa wa Pioneer, hapa Eldoret, akilazwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, huenda akakutana na mwanafunzi wa famasia kutoka Chuo Kikuu cha Purdue, jimboni Indiana. Ushirikiano huu si wa jana. Chuo Kikuu cha Indiana kilifungamana na Chuo Kikuu cha Moi tangu mwisho wa miaka ya 1980. Mpango wa AMPATH ukazaliwa mwaka 2001 ili kukabiliana na Ukimwi. Wafamasia wa Purdue wakajiunga baadaye. Wanafunzi wao hukaa majuma manane, wakizunguka wodini pamoja na wenzao wa Kenya.

Manufaa yake hayana ubishi. Mwaka 2011, kwa mfano, ulianza mpango wa maduka ya dawa ya hazina ya mzunguko. Dawa zikikosekana katika bohari ya serikali, mgonjwa huzinunua humo kwa bei nafuu, na fedha hizo hununulia shehena nyingine.

Hata hivyo, mimi ni mwanaisimu, na jicho langu hutua penye maneno. Mgonjwa akisema alijidunga insulini saa mbili asubuhi, mgeni asiyezoea hesabu yetu hudhani ni saa nane za usiku. Saa sita zimepotea, na kwa insulini saa sita si mchezo!

Hilo la wageni ni jepesi, maana hufundishika kwa siku moja. Zito ni letu wenyewe. Msomaji, yatazame maelezo tuliyoyazoea: “kutwa mara tatu”. Kutwa huishia jua linapochwa. Ndiyo maana tukasema kutwa kucha. Mgonjwa aijuaye lugha yake atameza vidonge vitatu kabla ya magharibi, kisha alale usiku kucha bila dawa, ilhali mfamasia alikusudia kila baada ya saa nane. Hapo aliyekosea ni nani?

Tumefundisha famasia kwa Kiingereza, tukamwachia mgonjwa tafsiri. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mengi yamesemwa kuhusu dola. Kazi hii haihitaji dola. Idara ya Kiswahili na wafamasia wakae meza moja. Mwanafunzi wa isimu naye apewe majuma manane dirishani pa dawa, asikilize mgonjwa anavyoyarudia maelezo aliyopewa, aandike.