Beji ya mionzi ni shahidi, si ngao

Katika vyumba vya eksirei vya hospitali nyingi, kuanzia Dar es Salaam na Mombasa hadi Muscat na Birmingham, wahudumu wa afya huvaa kifuani beji ndogo ya plastiki. Beji ya kawaida haiwaki taa, hailii kengele, wala haimzuii mtu kuingia mahali pasipostahili. Kazi yake ni moja tu: kuhifadhi kumbukumbu ya mionzi iliyomfikia aliyeivaa.

Wapo wahudumu wanaoiona beji hiyo kuwa kinga. Ukweli ni kwamba beji haizuii hata chembe moja ya mionzi. Ni shahidi, na shahidi huwa na faida pale tu anapokuwapo tukio linapotokea, na pale anapopatikana mtu wa kumsikiliza.

Suala la kuwakinga wahudumu wa afya na mionzi limesimama juu ya mambo hayo mawili. Mbinu za kujikinga zinajulikana, na nyingi si za gharama kubwa. Kinachopungua mara nyingi ni mazoea ya kila siku kwa upande wa mfanyakazi, na uwajibikaji kwa upande wa mwajiri.

Madhara yanayochelewa

Mionzi inayotumika hospitalini kupiga picha za mifupa au kutibu saratani ina nguvu ya kuvuruga chembe ndogo kabisa zinazoujenga mwili. Haionekani kwa macho, haina harufu, na mtu haihisi inapompitia.

Wataalamu huyagawa madhara yake katika mafungu mawili. La kwanza ni madhara yanayotokea kiwango cha mionzi kinapovuka mpaka fulani, kama vile ngozi kuungua, nywele kunyonyoka au lenzi ya jicho kuingiwa na ukungu, yaani mtoto wa jicho. La pili ni ongezeko la uwezekano wa kupata saratani, ambayo huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kukutana na mionzi hiyo.

Kuchelewa huko ndiko kunakowahadaa wengi. Mtu anayegusa chuma cha moto huondoa mkono mara moja. Anayesimama karibu na mashine ya eksirei bila kinga hurudi nyumbani jioni akiwa mzima, na kesho hurudia yale yale.

Waliotangulia walilipa kwa miili yao

Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale ya eksirei mjini Würzburg mwezi Novemba mwaka 1895. Katika muda wa miezi michache tu, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiitumia. Baadhi yao waliijaribu mashine kila asubuhi kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele yake.

Mmoja wa watu wa mwanzo kulipa gharama alikuwa Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison nchini Marekani. Vidonda vya mikononi viligeuka kuwa saratani, akakatwa mikono yote miwili, na mwaka 1904 akafariki dunia. Edison aliachana na utafiti wa eksirei.

Mjini Hamburg, Ujerumani, kuna mnara uliozinduliwa mwaka 1936 kuwakumbuka madaktari, wauguzi, mafundi na wanasayansi waliokufa kutokana na kazi za eksirei na radiamu. Majina zaidi ya 150 yaliandikwa hapo mwanzoni, na katika miaka iliyofuata yakaongezwa mengine hadi kupita 350.

Historia hiyo inagusa pia ardhi ya wasemaji wa Kiswahili. Kuanzia mwaka 1922, sehemu kubwa ya radiamu iliyotumika katika hospitali za dunia ilitoka katika madini ya Shinkolobwe, Katanga, yaliyosafirishwa hadi kiwanda cha Olen nchini Ubelgiji.

Vifo hivyo ndivyo vilivyowalazimisha wataalamu kukutana Stockholm mwaka 1928 na kuunda kamati ambayo leo hujulikana kama Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, ICRP. Mapendekezo yake ndiyo msingi wa sheria za nchi nyingi.

Kikomo si ruhusa

Kiwango cha mionzi kinachompata binadamu hupimwa kwa milisiverti. Kila mtu duniani hupata mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na hata katika chakula, na wastani wake ni milisiverti 2.4 kwa mwaka.

Kwa mfanyakazi, ICRP inapendekeza mwili wake usipate zaidi ya wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, na katika mwaka wowote mmoja usivuke 50. Kwa ngozi na mikono, kikomo ni 500 kwa mwaka.

Jicho lina habari yake. Kwa miaka mingi kikomo cha lenzi ya jicho kilikuwa milisiverti 150 kwa mwaka. Baadaye uchunguzi ulionyesha kuwa ukungu katika lenzi ulikuwa ukiwapata madaktari wa moyo na wauguzi wao kwa viwango vya chini kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2011 ICRP ikashusha kikomo hicho hadi wastani wa milisiverti 20.

Hata hivyo, kikomo ni kama ukingo wa shimo, na mwenye busara hatembei akiugusa ukingo. Kanuni ya msingi ni kupunguza mionzi kadiri inavyowezekana kwa njia za busara. Wapigaji picha wengi wa kawaida, wanaosimama nyuma ya ukuta wa kinga, hupata chini ya milisiverti 2 kwa mwaka, na hilo ni thibitisho kwamba kinga hufanya kazi.

Hatari hutoka kwa nani?

Mashine ya eksirei hutoa mionzi wakati tu imewashwa kupiga picha. Ikizimwa, chumba hakibaki na mionzi, na mgonjwa aliyepigwa picha hambukizi mtu. Ni tofauti na vyanzo kama kobalti inayotumika kutibu saratani, ambayo hutoa mionzi usiku na mchana na lazima ihifadhiwe ndani ya kasha zito. Ni tofauti pia na mgonjwa aliyedungwa dawa yenye mionzi, ambaye yeye mwenyewe huitoa kwa muda fulani.

Eksirei inapoingia mwilini mwa mgonjwa, sehemu yake hutawanyika kila upande, mithili ya mwanga wa tochi unaogonga ukuta mweupe. Mionzi hiyo iliyotawanyika ndiyo inayowafikia zaidi wahudumu.

Kwa sababu hiyo, walio hatarini zaidi ni wale wanaolazimika kusimama kando ya mgonjwa huku mashine ikiendelea kutoa picha: madaktari wanaopitisha mirija katika mishipa ya moyo, wapasuaji wa mifupa na wauguzi wanaowasaidia. Huduma hizo zinapanuka Afrika Mashariki. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam ni mfano mmoja.

Muda, umbali na kizuizi

Njia za kujikinga ni tatu. Ya kwanza ni muda. Dakika moja ya picha isiyo ya lazima ni dakika moja ya mionzi isiyo ya lazima. Daktari anayeondoa mguu kwenye kibonyezo cha mashine kila anapoacha kuitazama skrini humkinga mgonjwa, humkinga muuguzi, na hujikinga mwenyewe.

Ya pili ni umbali, nayo haigharimu hata senti moja. Ukiongeza umbali wako mara mbili kutoka chanzo cha mionzi, kiwango hushuka hadi robo. Ukiongeza mara tatu, hushuka hadi sehemu moja ya tisa. Hatua mbili za kurudi nyuma zinaweza kufanya kazi kubwa kuliko kifaa cha bei. Kwa mashine za kusukumwa wodini, waya wa swichi unapaswa kumwezesha mhudumu kusimama angalau mita 2 mbali.

Ya tatu ni kizuizi. Aproni yenye unene wa risasi wa nusu milimita huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi iliyotawanyika. Huongezewa kikinga shingo kwa ajili ya tezi iliyo kooni, miwani yenye risasi, na kioo kinachoning'inizwa kati ya mgonjwa na daktari. Mashine inapokuwa na mdomo chini ya meza badala ya juu, mionzi mingi zaidi huelekea sakafuni kuliko usoni.

Aproni nayo ina adabu yake. Ikikunjwa na kutupwa juu ya kiti, risasi ndani yake hupasuka bila ufa kuonekana nje. Inatakiwa kutundikwa, na kukaguliwa kwa mashine angalau mara moja kwa mwaka.

Nani amshike mtoto?

Kuna desturi katika hospitali zenye msongamano ambayo wataalamu huikemea. Mtoto analia, hatulii mbele ya mashine, na muuguzi yule yule au mhudumu yule yule wa usafi huitwa kumshika. Kesho ataitwa tena, na mwaka mzima hakuna anayehesabu.

Utaratibu unaofaa ni kutumia vifaa vya kumtuliza mtoto. Ikishindikana, amshike mzazi au ndugu asiye mjamzito, akiwa amevaa aproni na kusimama nje ya njia ya miale. Mzazi atafanya hivyo mara moja au mbili maishani. Mfanyakazi angefanya mara mamia.

Kuhusu mfanyakazi mjamzito, mapendekezo ya kimataifa ni kwamba tangu anapomjulisha mwajiri, mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisiverti 1 kwa muda uliobaki wa ujauzito. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, vinasema wazi kuwa taarifa hiyo si sababu ya kumwondoa mama kazini. Mwajiri ndiye anayepaswa kurekebisha mazingira. Anayeficha ujauzito kwa kuogopa kupoteza ajira amewekwa katika hatari mbili kwa wakati mmoja.

Posho na maziwa

Wapo wanaoamini kwamba maziwa husafisha mwili uliopigwa na mionzi. Maziwa ni lishe njema, lakini hayawezi kurudisha nyuma kilichokwisha kutendeka ndani ya seli.

Posho ya mazingira hatarishi nayo ina mtego wake. Viwango vya IAEA vinakataza mshahara wa ziada, likizo ndefu au bima maalumu kutumiwa badala ya hatua za kinga. Mwajiri asiyenunua aproni mpya hawezi kujitetea kwamba ametoa posho, kwa kuwa hakuna posho inayonunua jicho jipya.

Shahidi asiyesikilizwa

Turudi kwenye beji. Kwa kawaida huvaliwa mwezi mmoja hadi mitatu, kisha hupelekwa maabara kusomwa. Tanzania, jukumu la kusimamia matumizi salama ya mionzi ni la Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC. Kenya ilianzisha mamlaka yake ya kudhibiti nyuklia kwa sheria ya mwaka 2019, na Uganda ina baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008.

Lakini beji iliyoachwa kwenye droo husema mtu hakupata mionzi, hata kama alisimama mezani saa nane. Iliyosahauliwa juu ya mashine husema amepata mingi asiyoipata. Inayovaliwa na watu wawili haimsemei hata mmoja. Na wapo wanaoivua makusudi, wakihofia kuwa kipimo kikubwa kitawaondoa katika kazi wanayoitegemea.

Hofu hiyo huisha pale tu uongozi unapolichukulia jibu kubwa kama swali la kuuliza, na si kosa la kuadhibu. Je, aproni imepasuka? Je, mgonjwa mmoja alihitaji muda mrefu? Je, mtu mmoja anafanya zamu za watatu? Ripoti inayofika na kufungiwa kabatini bila mwenye beji kuonyeshwa ni sawa na ushahidi uliotolewa mbele ya mahakama isiyo na hakimu.

Kumbukumbu zinazovuka mipaka

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wenzetu walioondoka nyumbani kwenda kufanya kazi katika hospitali za Ghuba, Ulaya au Amerika Kaskazini. Mwili hauanzi hesabu upya mtu anapogongewa muhuri uwanja wa ndege. Mionzi aliyoipata Nairobi imo katika mwili ule ule atakaofanya nao kazi London.

Viwango vya IAEA vinataka kumbukumbu za mfanyakazi zihifadhiwe hadi atimize, au ambapo angetimiza, umri wa miaka 75, na kwa muda usiopungua miaka 30 tangu alipoacha kazi hiyo. Vinataka pia mfanyakazi aweze kuziona kumbukumbu zake, na mwajiri wa awali asaidie nakala kumfikia mwajiri mpya.

Basi anayefunga mizigo kwenda kuanza kazi nchi nyingine, pamoja na vyeti vya shule na barua za sifa, aombe nakala ya vipimo vyake vya mionzi. Ni karatasi chache tu. Ikiwa miaka 20 baadaye jicho litaanza kuona ukungu na swali la fidia likazuka, huenda karatasi hizo zikawa ndizo pekee zinazoeleza alisimama wapi, na kwa muda gani.